Kitu Chenye Jina la Mwenyewe

Tulipokuwa wanafunzi wa shule ya misioni, kila mmoja aliandika jina lake ndani ya kitabu chake, na chini yake neno la kutisha: atakayekiiba, Mungu anamwona. Tulifikiri ni desturi ya watoto tu. Kumbe hata watu wazima wa zamani huko Uingereza walifanya vivyo hivyo, tena juu ya feza.

Mwaka wa 1694, watu walikuwa wakilima shamba katika kijiji cha Sutton, karibu na mji wa Ely, upande wa mashariki wa Uingereza. Jembe likafukua vitu vilivyofichwa: pete za zahabu, pesa za mfalme William aliyewashinda Waingereza mwaka wa 1066, na bamba moja la feza la mviringo, lenye upana wa sentimeta 15 hivi. Bamba hilo ni bizimu, ndilo pambo lenye pini nyuma, ambalo watu walifungia nguo yao isianguke.

Upande wa mbele fundi alichora wanyama na nyoka ndani ya miviringo inayopandana. Wenye elimu wanasema kwamba mkono wake haukuwa hodari sana. Lakini geuza bamba, utazame nyuma. Pale ukingoni yamechongwa maneno ya Kiingereza cha kale. Maana yake ni hii: bizimu ni mali ya mwanamke Ædwen, naye Ædwen awe mali ya Bwana. Bwana amlaani yule atakayemnyang'anya, isipokuwa Ædwen mwenyewe akilitoa kwa mapenzi yake.

Tulipojua maana ya maneno hayo, tulinyamaza kitambo. Yalitukumbusha kalamu.

Tulipokuwa vijana, tuliokota kalamu nzuri ya wino njiani, tukitoka sokoni. Ubavuni mwenyewe alikuwa amekwaruza jina lake. Tulimfahamu: alikuwa karani wa mtaa wa pili. Tukasema moyoni, kesho tutampelekea. Kesho ikawa juma, juma likawa mwezi. Kalamu iliandika vizuri mno. Mwisho tukashika kisu, tukalifuta lile jina, ili rafiki zetu wasiulize neno. Tangu siku ile kalamu ikawa nzito mkononi. Tulipokwenda hatimaye kumrudishia, tukakuta nyumba imefungwa. Karani amehamishwa mbali, na jirani zake hawakujua amepelekwa wapi.

Tulikwenda kuungama. Tulikuwa tumejitayarisha kujitetea: tuliiokota, hatukuiiba, mwenyewe amehama. Padri alisikiliza yote, kisha akauliza neno moja tu: «Mwanangu, mwenyewe alikupa?» Hatukuwa na jibu. Akatuamuru kuwapa maskini bei ya kalamu, na tusichoke kumtafuta mwenyewe.

Tazameni basi, swali la Padri ndilo lile lile la Ædwen. Mwanamke huyu aliishi karne ya 11, zamani sana mbele yetu. Wakati ule Waingereza walikuwa Wakristu kwa miaka mingi, maana Papa Gregori Mkuu aliwatuma kwao Mtakatifu Augustino na wamonaki wenzake, wakafika mwaka wa 597. Na pale Ely, Mtakatifu Etheldreda, malkia aliyekuwa mtawa, alianzisha monasteri mwaka wa 673. Kwa hiyo Ædwen alijua kusali. Laana yake ni kali, lakini aliacha mlango mmoja wazi: mapenzi ya mwenye mali. Kitu kile kile, kikichukuliwa ni wizi, kikitolewa ni zawadi. Amri ya saba inatufundisha hivyo hivyo.

Zile pesa za William zinaonyesha kwamba mali ilifichwa baada ya mwaka wa 1066. Mwaka wa 1070 na 1071 watu wa Ely walimpinga mfalme huyo kwa silaha. Huenda aliyeificha alikimbia vita. Mwaka wa 1705 mchoro wa bizimu ulichapwa katika kitabu, kisha lenyewe likapotea machoni pa wenye elimu kwa miaka zaidi ya 200. Mwaka wa 1951 likaingia British Museum, nyumba kubwa ya makumbusho katika mji wa London. Na siku hizi sheria ya Uingereza inamtaka mtu anayeokota feza au zahabu ya kale namna hii atoe habari kwa serikali katika siku 14. Anaweza kupewa zawadi, na hana haja ya kuficha.

Bizimu limepita mikono mingi, na Ædwen hawezi kulidai tena. Lakini sala yake ilikuwa na sehemu mbili. Bizimu liwe lake: hilo limekwisha. Yeye awe wa Bwana: hilo hakuna mwizi awezaye kuliondoa, wala kisu cha kulifuta.

Karani wetu hatujampata mpaka leo. Ndugu, ukiokota kitu njiani, usingoje kesho. Jiulize swali la yule Padri, kisha upige hodi kwa mwenyewe angali yupo nyumbani.