Tafakari ya Juma: Meza ya Tanga na Mpagazi Asiye na Bunduki

Juma hili tumeona vema tuwashirikishe tafakari juu ya kazi ya mikono ambayo wengine wataidhania kuwa ya watoto. Katika nchi kadhaa, hususan Uingereza, wapo watu wazima wanaocheza mchezo wa vita juu ya meza kwa kutumia visanamu vidogo vya askari. Mwandishi H. G. Wells aliutungia kanuni katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, naye akahitimisha kwa kuwasihi wasomaji waone jinsi vita vidogo vya mezani vilivyo bora kuliko vita vikubwa vya kweli. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ilianza, na baada ya miezi mitatu ikawa imefika Tanga.

Sisi, tulio wachache tupendao kazi hiyo, tuliazimia kuijenga Tanga ya tarehe 4 Novemba 1914. Siku hiyo jeshi la Waingereza, lililoletwa kwa meli kutoka India likiwa na watu wapatao 8,000, liliuendea mji kutoka Ras Kasone. Lilipambana na askari wapatao 1,000 wa Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, ambao wengi wao waliletwa kwa reli kutoka Moshi.

Jambo la kwanza tulilofundishwa na kazi hii ni kwamba ardhi hutangulia. Hakuna askari anayesimama kabla hajapata mahali pa kusimama. Meza yetu ina urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 120. Tulibandika juu yake mabamba ya povu gumu, lile linalofungashiwa vyombo vya umeme, tukayachonga kwa kisu ili kupata mtaro wa reli na miinuko ya pwani. Kisha tukapaka gundi nyeupe ya maseremala, tukanyunyiza mchanga uliochekechwa, tukauacha ukauke usiku kucha. Rangi ya kwanza ilikuwa kahawia nzito. Ya pili ilikuwa hafifu, nayo ilipakwa kwa brashi iliyo karibu kukauka, ili iguse vichwa vya chembe tu. Majani tuliyatengeneza kwa katani iliyokatwa fupi, zao lililoingizwa nchini mwaka 1893 na likaijengea Tanga jina. Minazi ni nyaya zilizosokotwa, na makuti yake ni ya karatasi.

Jambo la pili ni hesabu. Kisanamu cha milimita 28 ni mtu aliyepunguzwa takribani mara 60. Kwa kipimo hicho, kilomita moja ingedai meza ya mita kama 17, na hakuna nyumba yetu yenye chumba cha namna hiyo. Kwa hiyo umbali hufupishwa, mashamba hupunguzwa, na kisanamu kimoja huhesabiwa kuwa askari 20. Waingereza wakawa visanamu 400, na wapinzani wao 50. Mjenzi hana budi kuchagua nini kibaki na nini kiondolewe, na hapo kazi ya mikono hugeuka kuwa kazi ya dhamiri.

Tunafika basi kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Kanuni nyingi za mchezo huu humhesabu anayefyatua risasi. Mpagazi hafyatui, kwa hiyo mezani hana thamani, na kwa kawaida hawekwi. Lakini kila kombania ya Wajerumani ilifuatana na wapagazi, na bunduki za rashasha pamoja na risasi zake zilisafiri mabegani mwa watu. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1918, pande zote mbili zilikuwa zimewachukua wapagazi kwa malaki, wengi wao bila hiari. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao upande wa Waingereza.

Tukakubaliana kuwafinyanga wapagazi wenyewe, mmoja mmoja, kwa udongo juu ya nyaya, kila mmoja na mzigo wake. Aidha tuliweka kanuni: bunduki ya rashasha isiyo na wapagazi kando yake haisogei wala haifyatui. Mwenzetu mmoja alipinga, akisema kwamba mchezo utakwenda polepole mno. Alisema kweli. Ulikwenda polepole, na kila mchezaji akaanza kuwatazama wapagazi wake kabla ya kuwatazama askari wake. Aliyewaachia hatarini aliona bunduki zake zikinyamaza.

Kuna pia nyuki. Siku ile mizinga ilivurugwa na milio ya risasi, nao nyuki wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Mezani ni vipande vya pamba, na dadu ndiyo huamua wanakoelekea. Waingereza walirudi melini tarehe 5 Novemba, wakaacha nyuma bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Pamba yetu hurudishwa koponi. Waliozikwa Tanga hawakurudishwa popote. Kwa sababu hiyo hatumshangilii mshindi mchezo unapokwisha.

Wapendwa, kila mmoja wetu anayo meza anayoipanga: nyumba, ofisi, kikundi, shamba. Tujiulize ni nani anayeibeba mizigo yake bila kuhesabiwa. Je, ni msichana wa kazi, mlinzi wa usiku, au kuli wa sokoni ambaye hata jina lake hatujapata kumwuliza? Tuanze na hilo jina, juma hili hili.

Tunawatakieni juma jema.