Sampla Niliyoichagua Moi's Bridge

Kazi yangu ni kurekodi muziki Moi's Bridge, mji wa mahindi ulio kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, karibu na Mto Nzoia. Baadhi ya wazee bado wanauita Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi A. C. Hoey aliyejenga daraja la kwanza hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Reli ya kwenda Kitale ilipita hapa miaka ya 1920, mahindi yakafuata reli, na watu wakafuata mahindi: Wanandi, Wabukusu, Wakikuyu, Waturkana, Wamaragoli. Ndiyo sababu chumba changu cha studio kinaweza kupokea kwaya ya kanisa asubuhi, mwimbaji wa Kikalenjin mchana, na mpiga litungu kabla ya giza kuingia. Sijui mji wenye sauti nyingi kuliko huu kwa ukubwa wake.

Kazi nilijifunzia Eldoret, katika duka la kudurufu kaseti. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba sauti ya mtu mmoja inaweza kuazimwa ikaingizwa katika wimbo wa mwingine. Msanii Hardstone alikuwa ametoa "Uhiki", wimbo uliotengenezwa na Tedd Josiah, wa Kikikuyu lakini wenye "Sexual Healing" ya Marvin Gaye ndani yake. Wateja waliununua kwa sababu ulichezeka. Mimi niliurudisha nyuma mara nyingi kwa sababu nilitaka kujua sehemu ile ilikatwa wapi na kuunganishwa vipi. Miaka ya 2000 ilipoingia, studio za Ogopa na Calif zilikuwa zimetawala redio, na vijana wa mashinani tuliokuwa tukizifuata kwa mbali tulipata programu ya FruityLoops, ambayo siku hizi ni FL Studio. Kompyuta moja iliyotumika, kibodi ndogo ya midi, na mtu alikuwa prodyuza.

Vifaa viliongezeka polepole kadiri kazi ilivyoongezeka: kiunganishi cha sauti cha Focusrite, maikrofoni nzuri, spika mbili za kusikilizia, magodoro ukutani. Lakini kadiri sauti zangu zilivyosafika, ndivyo nilivyozidi kusikia upungufu. Ngoma zilizokuwa ndani ya kompyuta yangu ndizo zilizokuwa ndani ya kompyuta ya kila prodyuza kuanzia Kitale hadi Mombasa, na wote tulizipata kwenye mafurushi ya sauti yaleyale yaliyotengenezwa Marekani. Wimbo wa harusi ya Kinandi na wimbo wa kampeni ya diwani zilipigiwa teke lilelile la ngoma.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa upande wa Matunda, mpiga litungu. Litungu ni chombo cha nyuzi cha Wabukusu, huegemezwa mwilini na kudonolewa kwa vidole, na humsindikiza mwimbaji kwenye sherehe za tohara, harusi na matanga. Mzee alivaa vifaa vya masikioni, nikamwashia mdundo wa kumwongoza kama ninavyomfanyia kila msanii. Alicheza kidogo, akaacha.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu anayegonga humu ananikimbiza. Hajui ninakokwenda."

Nikauzima mdundo, akacheza vizuri mno. Baadaye nilipoutazama wimbo ule kwenye skrini, hakuna pigo lake lililokaa juu ya mstari wa gridi. Anaposimulia huwa mzito, anapomsifu mtu huwa mwepesi, na kati ya hayo mawili vidole vyake huvuta na kuachia mwendo. Programu inaweza kuyanyoosha hayo yote kwa kubofya mara moja. Ukiyanyoosha, nyuzi zinabaki lakini mzee hayupo tena.

Nilihitaji chombo kingine kando ya kompyuta, na nilijua kitakuwa sampla: mashine inayorekodi sauti yoyote, ikaikata vipande, na kuvipanga kwenye pedi ili mkono uvipige kama ngoma. Swali lilikuwa ipi.

Kabla ya kutafuta bei nilisoma historia yake, na ninamshauri kila kijana afanye hivyo, kwa sababu kila sampla ina tabia ya shida zilizoizaa. SP-1200 ya kampuni ya E-mu, ya mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde kama 10 tu za sauti. Maprodyuza wa New York wakawa wanapiga santuri ya mwendo wa 33 kwa mwendo wa 45, wanairekodi ikiwa inakimbia, kisha wanaushusha mwendo wake ndani ya mashine. Ule ukwaruzo uliotokana na kubana nafasi ndio uliokuwa sauti ya hip hop ya enzi yao. Mwaka uliofuata Akai ilitoa MPC60 iliyobuniwa na Roger Linn, yenye pedi 16 za mpira na njia ya kuchelewesha kidogo kila pigo la pili ili mdundo uyumbe badala ya kusimama kama askari. J Dilla wa Detroit alikwenda mbali zaidi na MPC3000 yake: mara nyingi aliuzima kabisa unyooshaji na kuuacha mkono wake useme. Mashine hiyo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Waamerika Weusi, Washington.

Niliposoma habari za Dilla nilimkumbuka mzee wangu. Lakini pia nilielewa kwamba uyumbishaji wa Linn usingenitosha. Ule ni wa kugawanya pigo mara nne na kusukuma baadhi ya vipande. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ile ngoma ya watatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, haigawanyi pigo mara nne. Inakwenda kwa tatu juu ya mbili, na kila mpigaji ana mahali pake pa kuegemea. Kwa muziki kama huo sharti la kwanza ni mashine inayokubali kurekodi mkono jinsi ulivyopiga, bila kuusahihisha.

Nilikwenda Luthuli Avenue, Nairobi. Mixa, amplifaya na spika zilikuwa zimepangwa hadi barabarani, sampla sikuiona. Ikabidi niagize kutoka nje, na anayeagiza kutoka nje hawezi kuigusa mashine kwanza. Nauli hulipwa, ushuru hulipwa, na VAT ya asilimia 16 hukaa juu ya hayo yote. Lazima uamue ukiwa nyumbani, kwa kusoma na kusikiliza.

Akai MPC One ya mwaka 2020 ilinivutia sana. Ina skrini ya kugusa, nafasi kubwa, na inaweza kutengeneza wimbo mzima bila kompyuta. Ilipotoka iliuzwa dola 700 hivi. Nilichojiuliza ni kwa nini ninunue kompyuta ya pili wakati ya kwanza ipo na inafanya kazi. Isitoshe, inahitaji umeme wa ukutani. Ndugu yake, MPC Live II, ina betri na spika ndani, ila bei yake ilipita dola 1,000, na pesa hizo kwangu ni msimu mzima wa kwaya. Digitakt ya Elektron, kampuni ya Sweden, ina sikwensa ambayo sijaona iliyobuniwa vizuri zaidi: unaweza kusogeza kila pigo mbele au nyuma kwa nafasi ndogo sana. Hata hivyo hupanga muziki hatua kwa hatua, na ile ya kwanza hutunza sauti za mono tu. Kwa mtu wa tekno mjini Berlin ningesema aichukue bila kusita. PO-33 ya Teenage Engineering ni ndogo kama kikokotoo, chini ya dola 100, hubeba sekunde 40 za sauti. Humfaa anayeanza, na nimempendekezea zaidi ya kijana mmoja.

Nilichagua Roland SP-404MKII, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 500 hivi. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa betri. Inatumia betri sita za kawaida, zile za redio, zinazopatikana katika kila kioski kati ya Soy na Matunda. Umeme ukikatika siku ya mvua kazi inaendelea, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba naitia kwenye mkoba pamoja na maikrofoni, napanda bodaboda, nakwenda kwa mzee badala ya mzee kuja kwangu. Chini ya mwembe wake, wajukuu wakiwa karibu na mtu akimwitikia, litungu lake si litungu lililofungiwa kati ya magodoro.

Sababu ya pili ni uwezo ambao sikuwa nimeuona katika mashine nyingine niliyoweza kuinunua. SP-404MKII husikiliza muda wote, hata kabla hujabonyeza cha kurekodi, na ukibonyeza kitufe kimoja inakurudishia sekunde zilizopita, 25 hivi. Aliyewahi kuwarekodi wazee anajua maana yake. Mzee akiwa anakaza nyuzi, anaonja, anazungumza na jirani, vidole vinatupa kitu kitamu ambacho mwenyewe hakijui na hawezi kukirudia ukimwomba. Mikononi mwa kompyuta kingekuwa kimepita. Mikononi mwa mashine hii nabonyeza, kimo.

Nikirudi studio, sampla huunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja wa USB na kila moja hufanya inachokijua. Kompyuta inapokea sauti za waimbaji, inachanganya na kumalizia. Sampla inabeba mwendo. Napiga vipande vya litungu kwenye pedi kwa vidole, gridi ikiwa imezimwa, kisha besi na kinanda vinamfuata mzee. Hata tuni ni yake: nyuzi za litungu hazikukazwa kwa kipimo cha piano, basi navishusha au kuvipandisha vyombo vya kompyuta hadi vikubaliane naye. Wengi hufanya kinyume. Mimi naona mwenyeji ndiye asiyepaswa kuhama.

Mji nao umeingia kwenye pedi. Mavuno yanapofika, kuanzia Oktoba hivi, mashine za kupukuchua mahindi hunguruma mashambani, punje zikigonga bati kwa kasi inayobadilika kila gunzi linapoingia. Nimezirekodi, nikapata kayamba ambayo hakuna furushi la sauti linaloweza kuniuzia. Gunia lililojaa likiangushwa chini ya lori ni teke zuri la ngoma. Msikilizaji wa hapa hatambui ni nini, lakini mabega yake yanatambua.

Kuna jambo moja ambalo sampla yoyote humletea mwenye nayo, nalo ni haki. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba "Chemirocha" huko Kapkatet. Wimbo ulizunguka dunia kwa santuri, na zilipita zaidi ya miaka 60 kabla kazi ya ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini, na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha rekodi zile kwa jamii. Tracey alikuwa na gari na mitambo mizito. Mimi nina mkoba, na kubeba sauti ya mtu kumekuwa rahisi mno. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni, inayotaka jamii iridhie kwanza ikiwa inajua sauti yake inakwenda kufanya nini. Naitii kwa moyo wote. Kwa hiyo kabla ya betri kuingia kwenye mashine tunakaa, tunaongea kwa lugha ya mwenye chombo, tunaandikiana. Hulipwa siku hiyohiyo, na wimbo ukitoka jina lake huwa pale pale lilipo jina la mwimbaji.

Agosti 2024, msimu wa tohara ya Wabukusu ambayo huja kila mwaka wa shufwa, mzee wa litungu alimtuma kijana kunifuata. Alitaka nirekodi alichokuwa ameandaa, na alitoa agizo moja: nije na ile mashine ndogo isiyogonga. Sehemu kubwa ya kazi ninayoionea fahari tangu nianze imetokana na agizo hilo.

Wewe unayetengeneza biti Soy, Ziwa au Kipsangui na unatafuta sampla, andika kwanza sauti tatu za kwenu ambazo hazimo katika kompyuta yoyote. Kisha tafuta mashine inayoweza kuzifikia mahali zilipo, kwa pesa ulizo nazo. Ikiwa hujawahi kuigusa sampla, njoo Moi's Bridge ujaribu yangu kabla hujatuma hela yako ng'ambo.