Umeitoa Wapi?

Nilipokuwa mdogo, kitu chochote kigeni kikiingia nyumbani kwetu kilipokewa na swali moja. Iwe kalamu, iwe embe, iwe mpira wa tenisi uliochubuka: "Umeitoa wapi?" Baba hakuuliza kwa hasira. Aliuliza huku anaendelea na shughuli yake, kisha akasubiri jibu mpaka lije. "Nimeokota" halikuwa jibu. "Nimepewa" lilikuwa nusu ya jibu. Ilibidi useme kakupa nani, na je, mama yake anajua?

Baba alikuwa bwana shamba. Kazi yake aliifanya juu ya Honda XL 125, ile yenye gurudumu jembamba la mbele na madgadi iliyoinuliwa juu ili tope lisikwame. Ilipouzwa mnadani aliinunua mwenyewe, na aliistahi kama watu wengine wanavyomstahi ng'ombe. Siku moja ya mvua, akirudi nyumbani usiku, akaingia nayo mtaroni. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Pikipiki ilitoka na shokapu za mbele zilizopinda kuelekea nyuma, gurudumu likigusa injini. Mkono ulipona. Pikipiki ikaegeshwa chini ya mwembe, na kuku wakawa wanatagia kwenye siti.

Niliileta Dar es Salaam miaka mingi baadaye, juu ya Fuso la mahindi, bila kumwambia vizuri ninataka kufanya nini. Mwenyewe nilikuwa sijui vizuri. Nilijua tu kwamba baba anazeeka na kwamba nina picha moja kichwani: yeye amesimama uani, nami ninaingia getini nikiwa juu ya ile Honda.

Fundi wangu aliiangalia dakika mbili. Injini akasema inafufuka. Fremu nzima. "Ila hapa mbele, kaka, sahau. Spea za hii hupati. Itabidi tuiundie mbele ya pikipiki nyingine." Hivyo ndivyo mtu asiyejua hata kubadilisha plagi alivyojikuta anaunda pikipiki ya kastomu.

Kwa ambao hamjawahi kuitazama pikipiki mkiwa mmechuchumaa: mbele kuna mabomba mawili ya chuma yaliyong'arishwa, na kila bomba linateleza ndani ya mguu wake wa chini. Ndani mna springi na oili. Ukipita kwenye shimo, springi inabonyea, na oili inalazimika kupenya kwenye matundu madogo. Ndiyo inayozuia pikipiki isirukeruke kama mbuzi. Juu, mabomba yote mawili yamebanwa na vishikio viwili vya chuma, na kati ya vishikio hivyo kuna nondo inayoingia kwenye shingo ya fremu na kuzunguka juu ya gololi. Hapo ndipo usukani ulipo. Ukikosea hapo umekosea kila kitu, maana kinachokupeleka kushoto na kulia, na kinachobeba uzito wote ukifunga breki, ni hicho hicho.

Nilianzia Gerezani, mahali ambapo chuma hakifi. Kijana mmoja winga alinidaka kabla sijavuka barabara. "Mkuu, unatafuta nini? Shokapu? Twende." Tulizunguka mabanda sita. Nililetewa shokapu za kila aina, na fundi wangu akazikataa zote kwa utaratibu uleule. Kwanza alipitisha ukucha juu ya bomba. Ukucha ukikwama, kuna kutu imekula, na kila bomba litakaposhuka na kupanda, ule ukali utaichana sili na oili itavuja mpaka kwenye breki. Halafu alitoa begini kipande cha kioo kinene cha meza, akalilaza bomba juu yake na kulisukuma kwa kidole. Bomba lililonyooka hutembea kimya. Lililopinda huchechemea: tak, tak, tak.

"Yote yanachechemea," nilimwambia kwenye banda la sita.

"Unategemea nini? Pikipiki inachinjwa kwa sababu imegonga. Na ikigonga, kinachofika kwanza ni mbele."

Alinionyesha mahali yanapopindia: chini tu ya kishikio cha chini. Wapo wanaoyanyoosha kwa mashine, akasema, na ukayanunua yakiwa yamenyooka kabisa. Lakini chuma kilichopinda kikanyooshwa kimeshachoka, na uchovu wake huuoni kwa macho.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba shokapu nzima ya mtumba ni kitu cha kushangaza kidogo. Mbovu inajieleza. Nzima inabaki na swali: kama ilikuwa nzima, mwenyewe aliiachaje?

Sikujiuliza hivyo siku nilipozipata. Ilikuwa wiki ya tatu, kwenye uwanja mmoja wa vyuma ambao sitautaja, na nilikwenda peke yangu. Muuzaji alizitoa nyuma ya turubai: mbele nzima ya bodaboda, na vishikio vyake, na madgadi yake ikiwa bado imefungwa. Niliyachezesha mabomba kwenye kioo, maana nilishanunua cha kwangu. Kimya. Ukucha ukateleza kama juu ya sahani. Akasema 120,000. Kabla sijafungua mdomo akasema 70,000, chukua tu, kaka. Nilichukua. Niliona kwamba ameshuka mwenyewe, na niliona kwamba tope la kwenye madgadi lilikuwa bado bichi. Niliona, nikalipa.

Nyumbani nilianza kuosha. Tope likatoka, na chini yake kwenye madgadi kukawa na maandishi ya rangi nyekundu, yaliyoandikwa kwa mkono na mtu aliyejitahidi: RIZIKI YA MAMA.

Sisi tunaopenda vitabu vya mtumba tunalijua jambo hili, hata kama hatulisemi. Unanunua riwaya barabarani kwa bei ya soda, unafika nyumbani, unakuta ukurasa wa kwanza una muhuri wa maktaba ya shule. Unafanyaje? Mimi nina viwili vya namna hiyo. Nimevisoma vyote na bado viko kwenye kabati. Mtumba kwa asili ni mzigo uliofungwa, robota. Labda ndiyo raha yake: kilichotokea kabla hakijafungwa hakikuhusu.

Jioni ile nilikwenda kijiweni kwa bodaboda wa mtaani kwetu. Sikusema nina nini nyumbani. Niliuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeandika makala: hivi mtu akiibiwa pikipiki inakuwaje? Walicheka, halafu mmoja akaacha kucheka. Yake ilikuwa ya mkataba. Kila siku unampelekea tajiri hesabu yake, iwe mvua iwe jua, mpaka siku zitimie na pikipiki iwe yako. Alishalipa miezi saba. Abiria wawili wa usiku wakaichukua, na yeye akapigwa nondo ya bega.

"Na hesabu?" nikauliza.

"Hesabu inaendelea, bro. Mkataba niliuvunja mimi au wao?"

Nilimuuliza kwa nini hakuitafuta kwenye spea. Alinitazama kama vile nimeuliza swali la mtoto. Fremu ina namba, akasema. Injini ina namba. Zote zimeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo hizo mwizi anazifukia au anazisafirisha mbali. "Lakini shokapu? Shokapu haina jina. Shokapu ni ya anayeishika."

Ile niliyokuwa nayo haikuwa yake. Yake haikuwa na maandishi. Inawezekana haikuwa ya wizi kabisa. Inawezekana mwenyewe aligongwa kwa nyuma, au aliuza kwa shida, au amefariki na mama wa kwenye madgadi ndiye aliyeuza. Nilijipa sababu zote hizi usiku ule, na kila moja ilikuwa nzuri. Kisha nikamsikia baba, bila kuinua macho kutoka kwenye jembe lake, akiniuliza. Jibu langu lingekuwa: nimeokota.

Nilizirudisha kesho yake. Muuzaji alinirudishia 45,000, akacheka, na madgadi akairusha palepale ilipokuwa, nyuma ya turubai. Naomba nisieleweke vibaya. Sikumrudishia mtu chochote. Sikwenda polisi. Nilipungukiwa 25,000 na shokapu zile zikauzwa kwa mwingine, pengine siku hiyohiyo. Na kwa miezi kadhaa watu wakiniuliza kwa nini nilizirudisha, nilisema kwa sababu ni fupi. Hilo lilikuwa kweli. Fundi alishanionya kwamba shokapu za bodaboda zingeishusha Honda mbele, na mbele ikishuka, shingo inasimama wima zaidi, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na ukikimbia pikipiki inaanza kutikisa kichwa. Nilikuwa na sababu ya kifundi, nikajificha nyuma yake.

Tulizopata hatimaye zilitoka Mbagala, kwa mzee aliyekuwa na Yamaha DT yenye injini iliyokatika. Alikuwa anaiuza yeye mwenyewe kipande kimoja kimoja, uani kwake, na kadi alikuwa nayo mkononi, imeandikwa jina lake. Alitaka 180,000 na hakushuka hata shilingi. Bomba moja lilitembea kimya kwenye kioo. La pili lilikuwa limenyooka lakini lina kutu pale sili inapopita. Fundi alinikonyeza tuondoke.

"Tunachukua," nikasema.

Mzee akatoa daftari la shule. Akaandika: mimi fulani nimemuuzia fulani shokapu mbili za mbele na vishikio vyake, bomba la kushoto lina kutu. Aliandika mpaka na kutu! Mjumbe wa mtaa akaitwa, akasaini, akapewa soda.

Kazi iliyobaki ilikula mwezi na nusu. Lile bomba lenye kutu tulilitafutia pacha wake, na safari hii nilikwenda na daftari langu na kumwomba kila muuzaji aandike jina lake. Watatu walikataa. Wa nne aliandika. Nondo ya Yamaha haikulingana na shingo ya Honda, kwa hiyo fundi mkerezaji akatukerezea bushi mbili za kukaza beringi, na ya kwanza akaikosea. Sili mpya, oili iliyopimwa sawa kila upande kwa chupa ya dawa ya kikohozi, maana upande mmoja ukizidi, mguu mmoja unakuwa mgumu kuliko mwingine.

Ile picha ya kichwani haikutokea. Sikuingia getini nikiendesha. Pikipiki ilikwenda Morogoro juu ya Fuso, kama ilivyokuja, kwa sababu bima yake ilikuwa haijakamilika. Tuliishusha watu wanne. Baba alitoka taratibu na fimbo yake. Hakuangalia tangi nililolipaka rangi upya kwa wiki mbili. Alikwenda moja kwa moja mbele, akainama kwa shida, akagusa bomba kwa kidole gumba.

"Hizi si za Honda."

"Si za Honda, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umezitoa wapi?"

Nilimpa ile karatasi ya daftari. Alitafuta miwani, akaisoma yote, pamoja na jina la mjumbe na ile habari ya kutu. Kisha akaikunja na kuiweka mfukoni mwake, siyo mwangu. Akashika usukani, akabonyeza mbele mara mbili kwa uzito wake wote, ambao siku hizi si mwingi.

"Ngumu kidogo," akasema, akaniomba nimletee kiti.