Gari Iko na Mafuta Kidogo

Kwetu Uvira, mtu akitaka kuonekana mtanashati huvuka Ruzizi aende Bujumbura, kilomita 30 hivi. Siku ya kufuata suti ya harusi ya kaka yangu nilikodi gari la mzee mmoja wa mtaani kwetu. Nilikaa mbele, kando yake. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa sarufi, kichwa kimejaa ngeli.

Kabla ya kufika mpakani Kavimvira nilikuwa nimemsahihisha mara tatu.

“Barabara iko na mashimo,” alisema.

“Barabara ina mashimo, mzee.”

Gatumba, ambako mafuriko ya 2020 yaliwatoa watu majumbani, alinyamaza kabisa. Nilidhani anazikumbuka nyumba zile.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, wenye mafundi wa kila namna. Nilimsalimu fundi cherehani kwa Kiswahili cha darasani (naona haya kusema nilikuwa nimekifanyia mazoezi). Alinijibu kwa adabu, akanitajia bei ya mgeni. Mzee akaingia, akaanza na habari za watoto, akatia Kirundi kidogo na “iko” zake zote, wakacheka. Bei ikashuka. Kiti akaletewa yeye.

Kurudi, hakusema neno. Nilitafuta namna ya kumwomba radhi nisiipate. Karibu na Kavimvira akagonga kioo cha mshale wa mafuta.

“Mwalimu, gari iko na mafuta kidogo.”

“Ndiyo, baba,” nikamjibu, nikitoa pesa. “Iko na kidogo sana.”