Kulipia jina lako mwenyewe

Nilikuwa Paje kwa mama mdogo, na safari hii sikwenda kuogelea. Nilikwenda kuzima moto niliouwasha mwenyewe.

Mama mdogo ana nyumba ya wageni ya vyumba sita, mwendo wa dakika chache kutoka ufukweni. Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa mwani, kilimo kilichoingia pwani ile mwaka 1989, na fedha ya mwani ndiyo iliyosimamisha ukuta wa kwanza wa nyumba. Zamani wageni walikuja kwa kuambiana. Siku hizi wengi wanapitia kwa mawakala wa mtandaoni, ambao kwake hukata asilimia 15 na zaidi ya kile anacholipa mgeni.

Hapo ndipo nikaingia mimi, mtoto wa mjini, mwandishi wa habari, mjuaji. Nikamwambia, "Mama, hawa mawakala wa nini? Mgeni akitafuta chumba kwenye intaneti, tangazo lako litokee juu kabisa, aje kwako moja kwa moja." Nikamfungulia akaunti kwenye huduma moja ya Kimarekani ya matangazo. Ilikuwa Desemba 2023, kaskazi inavuma, vijana wa kaiti wamejaa ufukweni.

Kwa asiyejua biashara hii, ni mnada. Unachagua maneno na kutaja bei yako. Kila mtu anapoyatafuta maneno hayo, mnada unapigwa papo hapo, na kinachoangaliwa ni bei pamoja na ubora wa tangazo. Unalipa pale mtu anapobofya. Abofye apange chumba, abofye aondoke zake, wewe umelipa.

Nilianza na maneno "hoteli Zanzibar" kwa Kiingereza. Kumbe maneno hayo wanayagombania wakubwa. Dola 10 za siku ziliisha kabla ya adhuhuri na hakuna aliyeuliza hata bei. Nikajifanya mjanja: nikachagua neno "Paje" peke yake, nchi nikaweka Hispania. Mibofyo ikamiminika! Mama mdogo akaanza kuhesabu mashuka. Kumbe kwa Kihispania "paje" ni mtumishi wa mfalme, na msimu ule watoto wa Hispania huwapelekea watumishi wa Wafalme Watatu barua za kuomba zawadi. Wazazi wanatafuta pa kupeleka barua, sisi tunawaonyesha kitanda chenye chandarua. Hilo lilikuwa kosa langu, na zile dola nilizirudisha kutoka mfukoni mwangu.

Lakini lililofuata halikuwa kosa langu. Januari nililitafuta jina la nyumba yenyewe, lile lililoandikwa kwa rangi ya bluu getini. Kitu cha kwanza kutokea kilikuwa tangazo la wakala, limebeba jina lile lile. Ya kwetu ilikuwa chini yake. Mjerumani mmoja aliyewahi kulala pale mara tatu alibofya la juu akijua ni la mama mdogo, na asilimia 15 ikaenda kwa wakala. Nikauliza wajuzi wa mambo haya, wakasema dawa ni moja: nunua jina lako.

Mama mdogo alinitazama kama niliyemtukana. "Nilipie jina langu? Kwa nani?"

Na si ujanja wa wakala mmoja. Google, mkubwa wa soko hili, aliyefungua AdWords mwaka 2000 na kuiita Google Ads mwaka 2018, alishtakiwa Ulaya na Louis Vuitton kwa jambo hili hili. Machi 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Google kuuza jina la mwingine kama neno la utafutaji si kuvunja haki ya alama ya biashara, ingawa mtangazaji anaweza kushtakiwa iwapo tangazo linampotosha mteja. Sasa nani wa Paje atampeleka wakala wa Ulaya mahakamani kwa ajili ya vyumba sita?

Tukalipa. Februari akaunti ikasimamishwa. Kadi ilikuwa ya mama mdogo, jina la akaunti langu, na hilo likawatia shaka. Sawa, shaka ni haki yao. Nikatuma vitambulisho, likaja jibu lililoandikwa tayari. Nikauliza kimekosekana nini, likaja jibu lile lile. Siku 19, kaskazi inaisha, na sikupata hata jina la mtu mmoja wa kumwambia shikamoo.

Ilipofunguliwa, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Paje hatuwezi kufungua barua pepe. Ujerumani watu wanaendelea kulibofya tangazo letu, wanauliza, hawajibiwi. Mita inahesabu. Tuliporudi hewani wote wanne walioandika walikwishapata pengine.

Msidhani ni sisi wanyonge peke yetu. Canada mwaka 2024 ilipotunga kodi ya asilimia 3 kwa makampuni makubwa ya kidijitali, Google iliongeza ada ya asilimia 2.5 kwa matangazo yanayoonyeshwa Canada kuanzia Oktoba. Serikali ilimlenga mkubwa, bili ikamfikia mwenye duka. Kodi yenyewe Canada iliitupa Juni 2025 kwa shinikizo la Marekani. Na huko huko Marekani, Agosti 5, 2024, Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake, na kwamba iliweza kupandisha bei ya matangazo ya utafutaji bila kuogopa mshindani.

Nilimsomea mama mdogo habari ile ukumbini nikidhani atafurahi. Akaendelea kuchambua mchele.

"Mwanangu, hata mnunuzi wa mwani alikuwa akinipangia bei, na alikuwa akinipunja. Lakini yule nilimjua uso. Siku ya mzani nilimsema mbele ya watu, akaona haya, akaongeza kidogo. Huyu wako nimseme wapi?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Ninaandika habari za watu wasiosikilizwa, halafu mama yangu mwenyewe nimemfungulia mlango usiokuwa na mtu ndani.

Safari hii tumekubaliana hivi. Maneno yote tumeyafuta. Wageni wa zamani tumewaandika kwenye daftari, namba kwa namba, na yeye huwatumia salamu kwa WhatsApp kaskazi inapokaribia. Wawili wamekwishasema watakuja. Neno moja tu tumeliacha kwenye mnada, nalo ni jina la nyumba. Tukilitoa, wakala yupo.

Kwa hiyo kila mwezi mama mdogo analipia jina aliloliandika mwenyewe getini kwa brashi. Wenzangu wenye biashara, nyie mnafanyaje? Kama kuna aliyewahi kumpata mtu upande wa pili, naomba aniambie alipita wapi.