Moyo Ulioanza Kazi Mapema

Wachinjaji wa Kiamaiko walikuwa bado wanashusha mbuzi mimi na mwanangu tulipopanda matatu. Mmoja wao, mteja wangu wa chai, aliniuliza kijana anaugua nini. Nikamjibu haugui, tunakwenda Hospitali ya Kenyatta apimwe moyo. Akabaki ameduwaa.

Mwanangu ana miaka saba. Alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,300, na siku alipotoka nasari ya watoto wachanga ploti nzima ilishangilia kwamba amepona. Tangu hapo hakuna aliyeutaja moyo wake, mpaka muuguzi wa kliniki alipofungua kijitabu cha Mama na Mtoto, akauliza kama amewahi kupimwa presha, kisha akatuelekeza Kenyatta. Kwetu presha ni ya wazee.

Foleni ya Barabara ya Juja ilitushika hadi Pangani. Mjini tukatembea mpaka kituo cha Kencom, tukapanda gari jingine. Yeye hakuwa amewahi kufika upande huo, akawa anasoma kila kibao kwa sauti.

Daktari alianza na mkanda wa presha. Ule wa watu wazima akauweka kando, akatafuta wa mtoto, maana mkanda mpana kupita kiasi huonyesha presha ya chini kuliko ilivyo. Nilipenda umakini huo. Akanieleza kwamba vichujio vya figo hukamilika kuumbwa karibu na wiki ya 36. Anayezaliwa kabla ya hapo huweza kubaki na vichache, navyo vikielemewa, presha hupanda polepole miaka inavyokwenda. Moyo nao hulazimika kusukuma damu nje ya tumbo la mama kabla misuli yake haijakomaa. Mwaka 2013 watafiti wa Oxford waliwapiga picha vijana waliozaliwa njiti, wakakuta mioyo yenye kuta nene na vyumba vidogo.

Kisha eko, kipimo cha picha ya moyo. Mwanangu alicheka jeli ilipomgusa kifuani. Ule mshipa wa karibu na moyo ambao kwa njiti wengi huchelewa kufunga, wake umefunga. Presha ni nzuri. Apimwe kila mwaka, asivutiwe sigara nyumbani, chumvi ipunguzwe, na mpira acheze atakavyo. Hilo la mpira alilidaka mwenyewe kabla yangu.

Jioni, jirani wa ghorofa ya juu, ambaye binti yake alizaliwa wiki ya 31, alikuja kuniuliza gari la Kenyatta hupandwa wapi.