Niangalizie: Neno Dogo Linalolinda Mali

Mzazi anayewapeleka watoto kuogelea Mangapwani huacha mchangani mkoba, simu na viatu. Watu wamejaa pembeni, naye hujipa moyo: mbele ya macho yote haya, nani atathubutu kuiba?

Macho pekee hayatoshi. Mwaka 1975 mtafiti Thomas Moriarty alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa ufukweni New York. Mtu aliacha redio yake karibu na jirani asiyemjua, akaondoka. Kisha mwenzake akaja kama mwizi na kuichukua. Kati ya majirani 20, waliojaribu kumzuia walikuwa 4 tu. Lakini pale mwenye redio alipoomba kwanza aangaliziwe vitu vyake, walioingilia kati walikuwa 19 kati ya 20.

Kilichozidi hapo ni ombi. Asiyeombwa hudhani labda anayechukua ndiye mwenyewe, au hungoja mwengine aseme. Aliyeombwa hujua amana iko mikononi mwake.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia majini, mgeukie mtu mmoja: "Samahani dada, niangalizie mkoba wangu." Watoto nao wafundishwe kumwambia mtu mzima wanapoona mtu anachukua kisicho chake, na mtu mzima aulize kwa upole: "Ndugu, hicho ni chako?"

Kelele za "Mwizi!" tuziepuke. Zinaweza kuleta kipigo hata kwa asiye na hatia, na hakuna mkoba wenye thamani ya roho ya mtu.